Sahani ya Sita

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo, na hao watoto wanne hawajambo? Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika, na hiyo si habari mpya. Hapa jikoni hospitalini tumeletewa sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Mpishi mwenzangu amestaafu, kwa hiyo nagawa chakula cha wodi mbili peke yangu mpaka watakapopata mtu. Mjomba anawasalimu sana. Meno yamemwisha lakini maneno bado.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno yakikuchoma unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Wifi ameniambia habari za kidonda cha kidole gumba cha mguu, na ameniambia alichosema daktari: sukari isiposhuka ndani ya miezi mitatu kidole kinakatwa, na wakishaanza kukata hakuna ajuaye watakomea wapi. Ulipanga kuniambia lini? Ukishapewa gongo la kutembelea? Wewe ni fundi cherehani, ndugu yangu. Huo mguu unaokanyaga pedali ndio unaolisha nyumba.

Nimekuandikia mpango wa kula. Ndio huu huu tunaowafuatisha wagonjwa wa sukari hapa. Sahani yako igawe: nusu iwe mboga za majani, robo wali au viazi, robo iliyobaki maharage au samaki au yai. Chai bila sukari. Soda usiione hata ndotoni. Mkate mweupe achana nao. Tunda moja kwa siku. Na usiniambie hicho ni chakula cha matajiri, maana hakuna hata kimoja hapo ambacho hakipatikani sokoni kwenu jioni, wakati wauzaji wanataka kurudi nyumbani na wanauza bei ya kutupa.

Nijibu, na usinijibu kwa utani.

Dada yako

Tarehe 2 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua tumeipata, na sote tu wazima. Pole na magoti, na hongera kwa sufuria. Huku sare za shule zilinitoa jasho mwezi mzima, sasa msimu umekwisha na kibaraza changu kimepoa. Wateja waliobaki ni wa kubadilisha zipu na kupunguza kiuno. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule anayenipa nafasi ya kuweka cherehani mbele ya mlango wake, amepaka rangi ukuta na sasa anataka na mimi nikae kama mtu aliyepakwa rangi. Tunaendelea hivyo hivyo.

Mpango wako nimeubandika ukutani na ninaufuata. Soda nimeacha. Chai bila sukari, dada, ni maji ya kuoshea brashi, lakini nakunywa. Wifi yako ananitafutia samaki mara mbili kwa wiki, na tunda langu halikosi hata siku moja. Sijui anafanyaje na hali ilivyo, yule mwanamke ni mchawi wa soko.

Shida ni moja ndogo, tena ya kuchekesha. Umesema nigawe sahani. Sisi hatuli kwenye sahani, tunakula kwenye sinia, unajua mwenyewe. Sinia moja katikati ya mkeka, watu sita, kila mtu na upande wake. Sasa nusu ya sinia ni ya nani? Nikashika kijiko nikachora mpaka kwenye wali kama mpima viwanja, nikaamuru mchicha wote uwekwe upande wangu. Watoto wanapaita shamba la baba. Yule wa mwisho, tunayemwita Bosi, analivamia kila siku. Anavuna maharage na mchicha ananiachia mwenyewe.

Wifi yako anakusalimu. Ajabu ni kwamba mwenye mpango ni mimi, anayepungua ni yeye. Amerudia mwili wa usichana. Gauni nililomshonea mwaka jana nimelibana mara mbili, namtania kwamba anajiandaa kuolewa tena.

Mguu uko vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Wote hamjambo? Sisi huku salama. Mjomba alianguka bafuni lakini aliangukia makalio, kwa hiyo kilichoumia ni heshima tu.

Nimeuliza mguu, umenijibu "vizuri". Vizuri si kipimo. Sukari ilisomaje mara ya mwisho? Kidonda kimekauka au kinatoa maji? Cherehani unaikanyaga kwa mguu upi?

Shamba la baba limenichekesha, sikatai, lakini huo si mpango. Mtu hawezi kujua anachokula kwenye sinia. Unachota, unapiga soga, unachota tena, mwisho unanyanyuka unasema leo sikula sana. Ninagawa chakula kwa upawa kila siku, ninakwambia kitu ninachokijua. Nunua sahani, kila mtu na yake, hata za plastiki.

Halafu nina swali. Wifi anapungua kwa nini? Anakula nini?

Dada yako

Tarehe 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwambie mjomba pole, na mwambie bafuni siku hizi watu wanaingia na viatu vya mpira. Huku binti yetu mkubwa ametoka wa tatu darasani, amesema zawadi anataka mwavuli. Mapacha wamehara wamepona. Bosi hajambo na anatawala.

Kuhusu sahani, nitanunua mambo yakikaa sawa. Lakini nikuambie ukweli, dada, naona aibu. Mtu mwenye sahani yake peke yake ni mgeni au mgonjwa. Majirani wanaingia bila hodi wakati wa kula, wataona nini? Watasema fundi kajitenga na wanawe. Na watoto nao, wakiona baba ana samaki kwenye sahani yake na wao hawana, nitawatazamaje? Kwenye sinia angalau mambo yanachanganyika, mtu hajui cha huyu wala cha yule.

Mguu unaendelea. Kliniki nilikwenda, kulikuwa na foleni ndefu nikarudi kazini.

Wifi yako anakula, asile kwa nini? Tunakaa naye mkekani kila siku. Ni shughuli tu zimemzidi. Juzi akianua nguo alishikwa na kizunguzungu akakaa chini pale pale uani. Nilimgombeza kidogo, nikamwambia anajiendekeza, mimi mwenye kidonda nakanyaga cherehani kutwa na silalamiki. Tangu siku hiyo hajasema tena kizunguzungu, nadhani kimekwisha.

Mdogo wako

Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu utanisamehe.

Anayekuletea barua hii ni muuguzi mwenzetu anayekuja huko kwao likizo. Amebeba sahani sita za bati, nimezinunua mimi, kwa hiyo neno la mambo kukaa sawa limekwisha. Siku utakapozipokea, wewe mwenyewe ndiye utakayegawa chakula. Si wifi, wewe. Shika upawa, watu wazima pima sawa, watoto wapunguzie kidogo, sahani zote sita. Usimwambie wifi mapema. Apike kama anavyopika siku zote.

Kisha niandikie ulichokiona.

Dada yako

Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Sahani zilifika, muuguzi ameniambia alikukabidhi mkononi. Umenyamaza. Wifi hapokei simu, na wewe ukipokea unasema uko na mteja, hata siku ya mapumziko. Miezi mitatu ya daktari imepita. Kidole kipo au hakipo?

Hata kama umenikasirikia, andika.

Dada yako

Tarehe 3 Mei

Dada,

Shikamoo. Watoto wazima. Kidole ninacho. Daktari hakufurahi hata kidogo, lakini amenipa miezi miwili mingine.

Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Siwezi kukuangalia usoni na nashukuru uko mbali.

Sahani zilipofika nilifanya ulivyosema. Ilikuwa jioni, wali na maharage, mchicha, na samaki mmoja wa kwangu. Wifi yako alipotaka kuleta sinia nikamwambia leo nagawa mimi. Akasema, "Acha, baba, utajiunguza, hii si kazi yako." Nikadhani ni heshima. Nikashika upawa kwa madaha, watoto wakacheka, mapacha wakapanga sahani kwenye mkeka. Ya kwanza nilijipakulia mimi. Nakuandikia hilo kwa sababu sitaki kulificha: nilianza na yangu. Nikajipimia kama mpango unavyosema, na hata hivyo nikaona kidogo, nikaongeza. Halafu binti mkubwa, halafu mapacha, halafu Bosi. Nilipofika sahani ya sita upawa ulikwangua chini ya sufuria. Wali ulikuwa umekwisha. Maharage yalibaki mchuzi.

Nikamgeukia wifi yako nikamwambia, "Mbona leo umepika kidogo?" Na sauti yangu, dada, ilikuwa ya ukali.

Akasema, "Nimepika kama siku zote."

Nikamwambia haiwezekani. Siku zote tunakula watu sita. Akaanza kufuta mkeka ambao haukuwa na uchafu. Ndipo binti mkubwa akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo: "Baba, mama huwa anakula ukoko jikoni. Ukiwepo."

Ukiwepo. Maana siku nyingine hata ukoko haupo.

Nilibaki nimeshika upawa. Nikaanza kukumbuka wifi yako anavyokula. Anakaa na sisi, ndiyo. Anachovya tonge dogo, analishika, anamgeukia Bosi kumfuta pua. Ananyanyuka kuleta maji. Anarudi, anasogeza maharage upande wa mapacha, anasema leo chumvi imezidi. Ananyanyuka tena kuleta ndimu. Mkono wake uko kwenye sinia muda wote, dada, unakwenda na kurudi, na mimi niliyekaa naye magoti yakigusana sikuwahi kuona kwamba unarudi mtupu. Nimeishi na huyu mwanamke miaka mingapi? Ninaweza kumkadiria mteja kiuno kwa macho kabla sijatoa futi. Nguo za mke wangu nimezibana mara mbili kwa mikono yangu nikicheka.

Na ule mpango wako. Samaki wangu, tunda langu, yai langu, vyote vilinunuliwa kwa pesa ile ile ya kila siku. Kilichoongezwa kwangu kilitolewa mahali. Tulipokuwa hatuna mpango alikuwa anakula kidogo. Mpango ulipoingia akaacha. Na sukari yangu haikushuka, kwa sababu wali wake nao niliumaliza mimi, uliokuwa unasogezwa upande wangu kimya kimya nikidhani ni shamba langu.

Nilimsogezea sahani yangu. Akakataa. Nikasema kula, akasema nimeshiba. Nikapandisha sauti, eti ninamlazimisha kwa wema, Bosi akaanza kulia, jirani akaingia bila hodi akatukuta watu sita tumezunguka sahani na hakuna anayekula. Akageuka akatoka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka, gizani, mbele ya cherehani iliyofunikwa. Kesho yake nilimwomba radhi kwa ajili ya kile kizunguzungu. Akasema, "Yamekwisha hayo." Hayajaisha. Ananipisha mlangoni kama mtu aliyekamatwa akiiba, na mwizi ni mimi.

Ndiyo maana nimenyamaza. Wewe ulikwishajua, sivyo? Ulijuaje?

Mdogo wako

Tarehe 15 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi, nawasalimu watoto. Mjomba mzima. Mimi mzima.

Unauliza nilijuaje. Nimeulizwa vibaya zaidi ya hapo na moyo wangu. Nilijua kwa sababu hata mimi ninakula nimesimama, baada ya wodi mbili kula, kile kilichogandamana pembeni mwa sufuria, na mtu akiniuliza nasema nimeshaonja onja, nimeshiba. Barua yako niliisoma nikiwa hivyo hivyo, nimesimama na kijiko mkononi. Nikatafuta kiti.

Usijibebeshe aibu yote, nami nina fungu langu. Nilikuandikia sahani yako, tunda lako, samaki wako. Niliandika kana kwamba unaishi peke yako chumbani. Mtu mzima, mpishi, ninayejua kwamba kipande kikiingia sahani hii kimetoka ile, sikujiuliza hata mara moja wifi atakitoa wapi. Kisha nikakufokea kwa sababu ya sinia. Yule mtoto wa watu alinisikiliza kwenye simu akaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi, akaenda kutekeleza kwa tumbo lake. Nimeona haya, na nakuomba umwambie hivyo kwa maneno haya haya.

Sasa nisikilize. Ule mpango uchane. Huu ndio mpya, na ni wa sufuria nzima. Samaki wa mtu mmoja aondoke, leteni dagaa, mkono mmoja wa dagaa kwenye mchuzi unawafikia wote. Maharage yalowekwe tangu usiku, yanaiva upesi na mkaa hautumiki sana. Wali upungue kwa wote, viazi vitamu viingie siku mbili tatu. Mboga ziwe nyingi, na msinunue zote: mabeseni yaliyotoboka yajazeni udongo, mpande mchicha hapo uani, Bosi apewe kazi ya kumwagilia badala ya kuvamia. Sukari na soda na mkate mweupe viondoke nyumbani kabisa, si kwako tu, hela yake inunue mayai. Matunda yale yanayoanza kuwa na madoa jioni, kata madoa, mgawane.

Na unapogawa, anza na sahani ya sita.

Mguu uoshe, ukaushe katikati ya vidole. Nenda kliniki, foleni isikufukuze.

Dada yako

Tarehe 22 Juni

Dada,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu. Binti mkubwa amepata mwavuli wake, wa rangi ya zambarau, anautumia hata kwenye jua. Mchicha umeota kwenye mabeseni mawili, wa beseni la tatu umekufa, Bosi aliumwagilia mpaka ukaelea.

Sukari imeshuka. Si sana, lakini daktari aliitazama mara mbili. Kidonda kinakauka kuanzia pembeni. Neno la kukata hajalitaja tena, ingawa hajasema hatalitaja.

Sasa tunakula kwenye sahani, na nagawa mimi, kuanzia yake. Jirani aliponikuta na upawa alisema, "Fundi, umeolewa?" Nikamwambia ndiyo, mahari bado inajadiliwa. Zamani ningeona aibu. Sasa ile aibu kubwa imezila ndogo zote.

Lakini kuna jambo, dada. Wifi yako anakula kama mtu aliyeitwa ofisini. Anainama, anakwenda haraka, anafunika sahani kwa mkono wa kushoto. Nikimwangalia anaacha. Sijui nifanye nini. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, amesema hana la kuandika, halafu ameichukua kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini, na sitasoma.

Mdogo wako

Wifi yangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Salamu zako nilifikishiwa, na ile radhi pia, haikuwa lazima.

Mdogo wako ananitazama nikila. Tafadhali mwambie aache. Najua anafanya kwa uzuri, lakini ananitazama kila tonge mpaka kooni. Watoto nao sasa wananitazama. Bosi jana ameniuliza, mama umemaliza? kama mimi ninavyomuuliza yeye. Niliona aibu nikataka kuingia chini ya mkeka. Miaka yote hii nilikuwa nimejipanga vizuri, wifi, hakuna aliyejua, hata mama yangu mzazi alipokuja kukaa wiki mbili hakujua. Nilikuwa najivunia. Usinicheke. Nilikuwa naona hiyo ndiyo kazi yangu na naiweza.

Kuna siku, wiki iliyopita, wote walikuwa wametoka. Yeye kazini, watoto shuleni, Bosi kwa jirani. Nikapakua wali na dagaa na mchicha, nikajaza sahani, nikakaa chini mlango nimeufunga. Nikala mpaka mwisho. Nikapakua tena. Nikalia nikila, sikujua nalia nini, chakula kilikuwa kizuri.

Nilikuwa na njaa, wifi. Sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na njaa sana.